Sababu ya Bisibisi

Hapo zamani, na nikisema zamani sina maana ya zamani ya mazimwi, nina maana ya zamani ya deki na kanda nyeusi za video, ile zamani ambayo nusu yenu hapa mlikuwa mmeshazaliwa ila mnajifanya hamkumbuki, palikuwa na mwanamke mjini Ujiji akiitwa Mwamvua binti Kitwana. Kaeni vizuri. Maswali yenu yawekeni, maana mwishoni mwulizaji ni mimi.

Mwamvua alikuwa na banda la video. Banda lilikuwa na kuta za mabati, mabenchi kumi na mawili, televisheni moja na deki moja. Mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na mbili na uvumilivu kidogo sana. Kila siku baada ya alasiri watu walijaa mle ndani kuangalia tamthilia ya nyota. Ilikuwa imetoka nchi ya mbali. Chombo kikubwa kinaelea angani, kina mabehewa kama treni, na ndani yake wamo watu ambao sayari yao imekufa, wanatafuta nyingine ya kuishi. Picha safi, mavazi yanang'aa, silaha zinatoa mwanga. Tatizo lilikuwa moja tu: lugha yake hakuna aliyeijua, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu.

Hapo ndipo anapoingia Chubwa.

Chubwa alikuwa mkalimani wa banda. Sauti ya televisheni inapunguzwa, Chubwa anakaa pembeni, anashika maiki, anawasemea wote: wanaume, wanawake, watoto na maroboti. Na lugha ile hata yeye alikuwa haijui. Tuseme kweli tangu sasa tusije tukasutana baadaye. Alijua Kiswahili, Kiha, na Kilingala cha kwenye nyimbo. Lakini alikuwa na miiko ya kazi. Kanda haiangalii kabla. Anaiona pamoja na watu kwa mara ya kwanza, na kila mdomo unaocheza anaupa maneno papo hapo. Tena wale watu wa angani lazima wawe na mambo ya Ujiji. Ukigombana na mkeo asubuhi, alasiri utamsikia roboti anagombana na mkewe kwa maneno yako yale yale, na banda zima linageuka kukutazama.

Majina aliwapa yeye. Kapteni alikuwa na kovu shavuni, akawa Kapteni Kovu. Mwanamke fundi wa mitambo, ambaye mkononi hakosi kifaa, akawa Bisibisi. Mdogo wake Kapteni, kijana mgonjwa asiyetoka kitandani, akawa Homa.

Sasa, kumpa mtu jina ni rahisi, kumpa sababu ndiyo kazi. Kwa nini Kapteni Kovu aliikimbia sayari yake? Jumatatu Chubwa alisema anamtafuta mkewe aliyepotea. Alhamisi akasema anamkimbia mkewe. Wiki iliyofuata mke hayupo kabisa, Kapteni ameota ndoto! Watu wakitoka bandani wanabishana barabarani mpaka magharibi, huyu anasema mke, yule anasema ndoto, na kesho yake wanamjia Mwamvua awaamulie, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa huyo Kapteni.

"Chubwa, chagua moja!" Mwamvua alimfokea. "Anamtafuta au anamkimbia?"

"Dada Mwamvua, binadamu hubadilika."

"Habadiliki kati ya Jumatatu na Alhamisi!"

"Kwani wewe hujaolewa mara mbili?"

Mwamvua alimtupia tambara la kufutia televisheni, likampata usoni. Mungu wangu, mwanamke yule alikuwa amechoka na hilo neno 'kwa nini'! Na alikuwa na haki ya kulichoka, maana lake mwenyewe lilikuwa na miaka tisa halijajibiwa.

Nisikilizeni, hapa ndipo penyewe. Mwamvua alikuwa na mdogo wake, Zaituni, tumbo moja. Mama yao, Bi Mashavu, aliugua miezi mitatu. Zaituni ndiye aliyemuuguza. Mwamvua alikuwa ng'ambo ya ziwa, Kalemie, kwenye biashara ya vitenge. Mama akafariki usiku wa kuamkia Jumamosi. Nanyi mnajua sisi maiti hatumweki. Lakini habari zilikuwa zimeshafika kwamba Mwamvua yuko kwenye meli, na wazee wakasema si neno, tutangoja mpaka alasiri, mtoto amwone mama yake uso. Zaituni akatoka ukumbini, akasema, "Msimngoje. Zikeni." Wakazika adhuhuri. Mwamvua alipofika na mabegi yake, aliwakuta wanaume wananawa udongo mikononi.

"Kwa nini hukunisubiri?" alimuuliza mdogo wake.

Zaituni akanyamaza.

"Nakuuliza kwa nini!"

Kimya. Basi Mwamvua akamwambia asimwite dada tena mpaka siku ya kufa. Nyumba zao zilitazamana, uchochoro mmoja katikati. Miaka tisa wakafagia uchochoro ule, huyu upande wake, yule upande wake, hakuna salamu. Sikukuu zikaja, zikapita. Watu walijaribu kuwasuluhisha, wakarudi na aibu zao.

Sasa turudi bandani. Ikafika sehemu ya ishirini na nane ya tamthilia. Homa yule, mdogo wake Kapteni, ameambukiza behewa lake, na behewa lazima likatwe watu wengine wapone. Kapteni yuko nje na chombo kidogo, anarudi mbio, anaonekana kwenye kioo anapunga mkono: subirini, subirini! Bisibisi anamtazama kwenye kioo. Anaona kabisa. Halafu anavuta mkono wa chuma. Behewa linakatika, linazama gizani na mgonjwa wake. Kapteni anafika, anakuta ukuta.

Mwamvua alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono imeshika mgongo wa benchi. Kapteni akamshika Bisibisi mabega, mdomo wake ukacheza, na hata asiyejua lugha yoyote duniani alijua anauliza nini. Watu wote wakamgeukia Chubwa.

Bisibisi akaanza kusema, na Chubwa akasema naye, taratibu, bila zile mbwembwe zake.

"Ndugu yako ndiye aliyeniomba. Aliniambia, asinikute hivi nilivyo. Nimebaki mifupa. Anikumbuke nilivyokuwa nacheka. Nikamwambia atanichukia. Akaniambia, bora akuchukie wewe kuliko kuniota mimi kila siku. Ndiyo sababu sikukusubiri. Niliahidi."

Mwamvua alilia mbele ya watu. Hakuzima televisheni, hakufunga banda, alitoka vile vile akavuka uchochoro. Zaituni alifungua mlango, akamkuta dada yake amesimama analia.

"Sasa najua," Mwamvua alisema. "Mama ndiye aliyekuomba. Nisamehe mdogo wangu, nilikuonea miaka tisa."

Zaituni akasema, "Umekula?"

Wakala pamoja. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakwenda sokoni pamoja, wanapika pamoja, wanagombania chumvi kama zamani. Ujiji nzima ilishangaa. Na Mwamvua kwa furaha yake akafanya kosa kubwa. Binti yake, Tausi, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mkwewe, kijana mpole, alikuwa ameshasema jina la mtoto anamwachia mama mkwe. Basi Mwamvua akasimama mbele ya mabenchi kumi na mawili yamejaa, akala yamini: "Wallahi, aliyenipatanisha na mdogo wangu ndiye atakayempa mjukuu wangu jina." Watu wakapiga makofi, na Chubwa akavimba kichwa.

Miezi minne ikapita. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Siku ya tano baada ya kuzaliwa ndipo alipoingia Hamimu.

Hamimu alikuwa kijana wa Ujiji aliyepelekwa kusoma ufundi wa umeme, miaka sita, huko huko inakotoka tamthilia ya nyota. Amerudi, kaja bandani kusalimia, kakaa benchi la tatu. Watu walikuwa wameomba warudishiwe sehemu ya ishirini na nane, wanaipenda kulia. Chubwa kashika maiki. Kafika pale penyewe, asinikute hivi nilivyo, wanawake wameshatoa leso. Hamimu akacheka.

Mwamvua alimshika mkono palepale akamtoa nje. "Unacheka nini?"

"Shikamoo mama. Nacheka kwa sababu huyo mwanamke hasemi hivyo."

"Anasema nini?"

"Mama, hii ni hadithi tu."

"Nimekuuliza anasema nini!"

Kuna watu, jamani, ambao ukiwauliza wanakujibu! Huyu Hamimu alikuwa mmoja wao. Angeweza kusema sikusikia vizuri. Angeweza kusema masikio yangu yana maji. Yeye akasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu.

"Anasema: nilikuwa na hasira na wewe. Uliniachia mgonjwa, ukaenda kuzunguka na nyota zako. Nilikuona unakuja. Nilitaka ufike ukute ukuta, uumie."

"Hakuombwa na mgonjwa?"

"Hapana, mama. Mgonjwa alikuwa anamuulizia kaka yake mpaka mwisho."

Ndani, Chubwa alikuwa bado anawaliza watu. Mwamvua hakurudi ndani. Alivuka uchochoro.

Zaituni alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo. Alimtazama dada yake mara moja akajua.

"Mama alikuomba au hakukuomba?" Mwamvua aliuliza.

Zaituni aliendelea kuchambua.

"Zaituni, nimechoka! Nimechoka na hiki kimya chako, nimechoka na Kapteni, nimechoka na kila mtu! Nilikuja hapa mlangoni nikakuomba radhi. Nikakulilia. Ukaniacha nikulilie kwa maneno ya Chubwa?"

"Mimi sikusema mama aliniomba. Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilikuuliza kama umekula."

"Ala! Hilo ndilo jibu?"

Zaituni aliuweka ungo chini. Akaifuta mikono kwenye kanga.

"Hakuniomba," alisema. "Alikuwa anakuulizia. Kila asubuhi, Mwamvua amefika? Miezi mitatu mimi namgeuza, namfulia, namlisha, na anayeuliziwa ni wewe. Alipokufa niliambiwa uko kwenye meli. Nikasema moyoni, nataka ukute kaburi. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine nzuri kuliko hiyo."

Mwamvua alinyanyua mkono. Alitaka kumpiga, tusidanganyane. Mkono ukabaki juu, kisha ukashuka wenyewe, naye akakaa chini kwenye vumbi karibu na ungo.

"Meli ya Jumatatu niliiacha," alisema.

"Nini?"

"Barua yako ya kuniita niliipata Jumapili. Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Vitenge vilikuwa havijafika, nikasema mama atangoja meli ya Ijumaa. Sijawahi kumwambia mtu. Na nyie mkinihurumia, masikini Mwamvua hakumzika mama yake, nilikuwa naitikia."

Zaituni alimtazama kama anamwona leo. "Ulikuwa na tiketi."

"Nilikuwa nayo."

"Na miaka tisa umeninunia mimi!"

"Miaka tisa."

Walitukanana wee. Walitoleana mambo ya utotoni, nani alivunja mtungi, nani alipendwa na baba. Majirani walifunga madirisha, wengine wakafungua. Wakalia, wakachoka, na walipochoka kabisa Mwamvua akauvuta ungo kwake akaanza kuchambua dagaa, kwa sababu walikuwa wamebaki wengi na Tausi alikuwa anasubiri mchuzi. Zaituni akasogea akachambua upande wa pili. "Unaacha vichwa," alisema. "Na wewe unaacha mchanga," Mwamvua akamjibu. Jioni ile walimpelekea mzazi chakula pamoja, macho yamevimba, na hakuna aliyethubutu kuwauliza kitu.

Mnadhani yameisha? Bado kiapo!

Siku ya saba ikafika, siku ya akika. Mbuzi amechinjwa, pilau iko motoni, Sheikh Bilali amekuja na wembe wa kunyolea nywele za mtoto. Mwamvua amembeba mjukuu wake. Kabla hajakaa, akaja Chubwa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Nimekuja kutoa jina," alisema.

"Chubwa, kaa chini."

"Sikai, dada. Uliapa. Wanasema niliongopa, nani asiyejua? Lakini siku ile sikubahatisha. Nilipomwona yule mwanamke kwenye kioo, nikageuka nikakuona wewe umeshikilia benchi. Nilimjua mama yako. Nilijua la kwenu. Nikasema leo sitaki kuchekesha, leo nitampa huyu Bisibisi sababu itakayomvusha Mwamvua uchochoro. Miaka tisa masheikh walishindwa, wazee walishindwa. Mimi nilitumia dakika moja. Bila mimi mngekuwa mnafagia kila mtu upande wake mpaka leo."

"Ulimwekea mama yangu maneno mdomoni. Marehemu!"

"Nilimwekea Homa. Wewe ndiye uliyesema ni mama."

Ndipo Hamimu aliposogea kutoka kwenye mkeka wa wanaume, mpole, mwenye kuudhi.

"Samahani mama, mimi sina hata jina nililoandaa. Lakini mambo yasemwe yalivyo. Mlichokuwa nacho miezi minne ni tamthilia. Mlikuwa mnakula sinia moja na watu wa uongo. Mlipatana juzi, mlipoambiana kweli, na kweli hiyo mlango wake niliufungua mimi."

"Wewe ulicheka tu!" Chubwa alimrukia. "Ulicheka, ukaulizwa! Hukujua hata nini kiliwapatanisha! Mtu aliyeangusha sufuria bila kujua anadai amepika?"

"Nilijibu nilipoulizwa. Wewe ulijua yote na miezi minne hukusema."

"Tena ungewaua! Wangechinjana pale uani!"

"Hawakuchinjana."

"Jamani, mtoto analia!" Mwamvua alipiga kelele, na kweli mtoto alikuwa analia, pilau inaanza kunukia kuungua, na Sheikh Bilali ameketi na wembe wake mkononi anatazama dari.

Zaituni alikuwa bado hajasema. Alikuwa amekaa mlangoni. Sasa alinyanyuka.

"Dada, mimi nina jina. Nataka aitwe Mashavu, jina la mama."



"Chubwa alikuleta mlangoni kwangu, ni kweli," Zaituni alisema. "Lakini ningeweza kuufunga. Niliyekufungulia ni mimi, na nilikufungulia huku nikijua huna ulijualo. Na juzi uliponiuliza, uongo ulikuwa tayari, umeshapikwa, umeshapakuliwa. Ningesema ndiyo, mama aliniomba, ningebaki mtu mwema, na ungeniamini mimi kuliko Hamimu. Nikakwambia mabaya yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Kama kuna aliyekupatanisha na mdogo wako, ni mdogo wako."

"Ndiye aliyewagombanisha pia!" Chubwa alisema. "Mdomo uliosema zikeni, leo ndio umwite Mashavu? Dada Mwamvua, ukimpa yeye, unamzawadia aliyekunyima uso wa mama yako."

"Na ukimpa Chubwa," Zaituni alisema, bila kumtazama Chubwa hata kidogo, "sitanuna. Nitakula pilau, nitaosha vyombo. Lakini nitajua kwamba ungependa ule uongo ndio ungekuwa kweli."

Hamimu naye akaingiza lake. "Na kama aliyesema kweli hatambuliwi kabisa, mama, basi siku nyingine ukiniuliza kitu nitakwambia sikusikia."

Mwamvua alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Wote watatu walikuwa wamemtendea wema, na wote watatu walikuwa wamemkosea, na hakuna hata mmoja aliyemhurumia akanyamaza. Kuligawa jina haiwezekani. Kukivunja kiapo hawezi, alilitaja jina la Mungu mbele ya banda zima. Alimtaka sana Mashavu arudi kuitwa mle ndani ya nyumba. Na kila alipoufikiria mdomo utakaomwita, aliisikia ile sauti ya ukumbini aliyosimuliwa: msimngoje.

"Mama Tausi," Sheikh Bilali alisema, "adhuhuri imekaribia. Kiapo ni chako. Nani anampa mtoto jina?"

Haya. Mimi nimeshasimulia, koo limenikauka, na msinitazame hivyo, mimi sikuwepo kuwaamulia. Ninyi ndio mnaojua sana sababu za watu, mnakaa vibarazani kutwa mnawahukumu mpaka watu wa angani. Mtoto yuko mikononi mwa bibi yake, nywele zimeshalowa maji, wembe uko tayari, na hana jina. Mpeni jibu mwanamke wa watu: kati ya Chubwa aliyedanganya kwa huruma, Hamimu aliyesema kweli bila kujua, na Zaituni aliyekosa kisha akakiri, nani aliyewapatanisha akina dada hawa? Nani ampe mtoto jina?